Kila Tukikaribia kwa Marcelin

Chinon, 2 Juni 1996

Kaka Marcelin,

Salamu zangu zikukute umekaa, goti umelipumzisha, na kikombe kiko mkononi. Sisi tuko kando ya mto Vienne. Gari-nyumba letu tumeliegesha chini ya miti, na bata wanatugongea mlango wakidai mkate. Capucine binti yangu hajambo, daktari wa Lyon amemwambia mtoto atakuja mwanzoni mwa Oktoba. Mumewe ameshapaka chumba cha mtoto rangi ya manjano. Mimi imeniumiza macho, lakini nikasema nzuri. Wewe je? Ng'ombe hawajambo? Mbwa wako bado ana ugomvi na mpeleka barua?

Yvon wangu anafurahi na kustaafu kwake. Unamjua, miaka yote ile ya kuendesha lori la maziwa hakuwahi kufungua ramani, na hata sasa ameitupa ramani yangu chini ya kitanda. Mpango tumeupanga mezani kabla ya kuondoka: tunafuata mito polepole, tunapita Bourges, tunapita Aubusson, halafu tunapanda milima mpaka kwako La Faye. Tarehe kumi na tano Agosti, sikukuu ya Bikira Maria, tuwe tumeketi mezani kwako.

Haya, naona umeshakunja sura. Ndiyo, tutakuwa wawili. Nakuandikia kwa sababu simu unaikata kila nikitaja jina lake. Nataka wewe na Yvon mpeane mikono, Marcelin. Miaka tisa inatosha jamani. Na nataka iwe mwaka huu, si mwakani.

Niandikie kwa posta ya Bourges, dirisha la barua za wasafiri. Wanazitunza siku kumi na tano, kisha wanazirudisha.

Dada yako,
Ghislaine


La Faye, 11 Juni 1996

Ghislaine,

Barua imefika. Goti linauma mvua ikikaribia, maana yake huku linauma kila siku. Ng'ombe wamebaki sita. Mbwa alimng'ata mpeleka barua mwezi wa nne, na sasa barua zangu zinaachwa kwa jirani, mama Péchoux, ambaye huzishika juani ajue ndani kuna nini. Kwa hiyo andika mambo ya heshima. Mpongeze Capucine. Manjano si rangi ya chumba, ni rangi ya trekta.

Sasa hilo lako. Wewe njoo hata kesho, kitanda chako kipo. Mumeo ni habari nyingine. Unasema miaka tisa inatosha utadhani alinivunjia sahani! Acha nikukumbushe. Mahali petu pa uyoga baba alinionyesha mimi peke yangu. Mama hakupajua. Padri hakupajua. Wewe mwenyewe hupajui mpaka leo, wala hujawahi kuuliza, kwa sababu umelelewa vizuri. Mimi sikuoa, sina mtoto. Nikatafuta wa kumwachia, nikamchagua mumeo. Nilimpeleka mwenyewe asubuhi yenye umande, nikamwambia, "Sasa tuko wawili." Mwaka uliofuata akawaleta wenzake watatu wa kiwanda cha maziwa, wamebeba ndoo. Ndoo, Ghislaine! Walikwangua hata uyoga mchanga ambao mtu mwenye adabu huuacha. Majani yote yalikuwa yamefukuliwa. Nilipomuuliza, akacheka. "Shemeji, si uyoga tu?"

Uyoga tu! Hapa kwetu watu wameacha kusalimiana mpaka makaburini kwa jambo dogo kuliko hilo.

Na niambie, kwa nini mwaka huu na si mwakani? Umestaafu, yeye amestaafu, mnatembea na nyumba yenu kama konokono. Haraka ya nini?

Marcelin


Coulon, 30 Juni 1996

Kaka Marcelin,

Usishangae muhuri wa posta, najua Coulon haiko njiani kuja kwako. Iko upande mwingine kabisa. Tulifika Bourges, nikaichukua barua yako, nikaisoma nimesimama pale dirishani mpaka mama wa posta akaniuliza kama kuna msiba. Kesho yake tulipaswa kuelekea Aubusson. Basi nikapata hamu ya kuona mifereji ya huku. Hamu tu, imenijia. Mpango si msahafu.

Tuko wazima. Capucine amevimba miguu, ndiyo kawaida. Hapa maji ni ya kijani, watu wanasafirisha ng'ombe kwa mashua bapa, ungecheka. Yvon amekuwa mpenzi wa mikate. Asubuhi ya leo ametoka kwenda kununua mkate mara tatu, na mara zote amerudi na mkate mrefu kwapani, uso umemnawiri. Bata wa huku wamenenepa kwa ajili yetu.

Unaniuliza haraka ya nini. Haraka sina. Mtu akitaka ndugu zake wakae meza moja, lazima awe na haraka? Unapenda kuuliza wewe. Nakuuliza na mimi: ukimwona mlangoni, utamfungulia? Jibu hilo tu, kwa posta ya Aubusson. Safari hii tunakwenda kweli.

Ghislaine


La Faye, 9 Julai 1996
(kwa posta ya Aubusson)

Ghislaine,

Hapa tumekata majani na hayajanyeshewa, muujiza. Mama Péchoux anakusalimu, nadhani ameshaisoma barua yako.

Nimelifikiria swali lako nikiwa juu ya trekta. Sitaki maneno mengi. Tarehe kumi na tano nitachinja yule jogoo mkubwa na nitaweka viti vitatu. Sisemi kwamba nimesahau. Nasema viti vitatu. Akija, asizungumzie uyoga, na mimi sitauzungumzia, tutazungumzia mvua. Mtu anaweza kula kuku akizungumzia mvua.

Usimsomee barua hii.

Marcelin


Lectoure, 4 Agosti 1996

Kaka Marcelin,

Samahani kwa ukimya. Aubusson hatukupita. Usinigombeze, nimeshajigombeza vya kutosha. Tuko kusini sana, matikiti maji yanauzwa barabarani na alizeti zimejaa pande zote mpaka zinachosha. Maji tunajaza kwenye bomba la makaburi kama wenzetu wote wa magari-nyumba. Nimemwambia Yvon ipo siku maiti watatudai.

Capucine amezuiwa kusimama muda mrefu. Mimi nina usingizi mchache, joto hili. Yvon bado anawapungia mkono wenzetu tunaopishana nao, ndiyo desturi ya magari-nyumba. Siku hizi anayapungia na malori ya maziwa. Anawaita madereva kwa majina, wale wenzake wa zamani wa kwetu Mayenne. Nami napunga.

Sidhani kama tutawahi tarehe kumi na tano. Nilitaka, Marcelin. Nilitaka mno. Ila barabara zimekuwa... tuseme tumechelewa. Kama uliniandikia Aubusson, niandikie tena yale yale kwa posta ya Brive. Nahitaji kuyasoma.

Ghislaine


La Faye, 18 Agosti 1996

Ghislaine,

Barua yangu ya Aubusson imerudi. Imegongwa mihuri mbele na nyuma, na mama Péchoux aliniletea ameishika kwa vidole viwili kama panya. Nilichokuwa nimeandika mle hakina maana tena. Sirudii.

Jogoo nimemla peke yangu siku tatu. Mpaka leo nikisikia jogoo wa jirani anawika nashiba.

Sasa nisikilize. Mimi ni mkulima, si mjinga. Unatoka Bourges kuja kwangu unaishia kwenye mifereji, kwa sababu ya hamu. Hamu yako naijua, tangu utoto hujawahi kuwa na hamu ya maji. Kisha unatoka kwenye mifereji kuja kwangu unaishia kwenye alizeti. Watu wawili wanakula mikate mitatu asubuhi moja. Mtu mzima anawaita kwa majina madereva asiowajua. Unadhani barua zako nazisoma kama mama Péchoux, kwa kuzishika juani?

Nakuuliza waziwazi: mumeo ana nini?

Marcelin


Karibu na Eymoutiers, 1 Septemba 1996

Kaka yangu,

Salamu nitaziweka mwisho leo. Nimechoka kukupiga chenga.

Yvon anapotea. Ilianza mwaka jana kwa funguo na majina, kila mtu akasema uzee. Mwezi wa tatu daktari wa Laval alitukalisha akatuambia ni ugonjwa wa kusahau, na kwamba hautarudi nyuma. Yvon aliuliza swali moja tu: kama bado anaweza kuendesha. Daktari akasema kwa sasa labda, asiwe peke yake. Ndiyo maana tukaanza safari hii. Ndiyo maana nilisema mwaka huu na si mwakani. Mwakani atakupa mkono hajui anampa nani.

Na mipango kubadilika, si hamu yangu. Julai tulifika Issoire. Issoire, Marcelin! Milima yako nilikuwa naiona. Akaingia kwenye mzunguko wa barabara, akauzunguka, akauzunguka, watu wanapiga honi, jasho linamtoka, mwishowe akachukua njia yoyote tu. Kila tukikaribia kwako inakuwa hivyo. Mwanzoni nilidhani anakuogopa. Kumbe hajui tena njia, na aibu yake ni kubwa kuliko gari. Mtu aliyekuwa hafungui ramani! Ningemwambia vipi afungue leo? Nikawa najidai ni mimi ninayetaka kuona mifereji, ni mimi ninayetaka alizeti.

Juzi aliingia kwenye ua wa shamba la watu huku, akashuka, akaanza kutafuta tangi la maziwa. Akamwambia mama wa pale, "Leo nimechelewa, samahani, mmekamua ng'ombe wangapi?" Mimi nikabaki kwenye kiti, uso nimeuficha mikononi. Yule mama alimtazama, akanitazama, akamjibu, "Hujachelewa hata kidogo, bwana. Kunywa kahawa kwanza." Tupo kwake mpaka leo. Anaitwa Bernadette, ana ndevu kidogo, na sijapata kumpenda mtu haraka hivyo.

Ufunguo hataki kunipa. Nikiuomba ananuna kama mtoto. Na hata akinipa, gari hili ni refu, mimi nimezoea kile kigari changu cha sokoni. Naogopa kwenda na naogopa kukaa. Jana aliniuliza, "Marcelin bado ana hasira na mimi?" Kwa hiyo jana alikuwa bado anakukumbuka. Kesho sijui.

Umeuliza, nimejibu. Sasa jibu langu la Juni liko wapi? Utafungua mlango? Niandikie hapa kwa Bernadette, sitahama mpaka nikusikie.

Capucine mzima. Salamu.

Ghislaine


La Faye, 5 Septemba 1996

Dada yangu,

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya Aubusson, ile iliyorudi. Isome. Jogoo hayupo tena lakini viti bado ni vitatu.

Ungeniambia mwezi wa tatu. Ningepiga kelele, ningekata simu, halafu ningekupigia mwenyewe. Unanijua. Basi.

Ufunguo usiuombe. Dereva hanyang'anywi ufunguo, dereva anapokewa zamu. Asubuhi, baada ya kahawa, simama mlangoni mwa gari umevaa koti, mwambie: "Yvon, zamu yako imekwisha, mimi ndiye wa zamu." Madereva wa maziwa wote hukabidhiana hivyo, nimewaona hapa uani maisha yangu yote. Atakupa.

Na kuhusu urefu wa gari: ulikuwa na miaka kumi na minne uliposhusha trekta la baba kutoka shamba la juu na trela limejaa majani, mvua imetanda, mimi nimekaa juu ya majani napiga mayowe. Uliendesha unaimba. Pita njia ya Ussel, usipite Issoire, ule mzunguko uachane nao.

Njooni haraka. Bado mlango wangu nitaufungua mimi mwenyewe.

Marcelin


Ussel, 12 Septemba 1996

Kaka,

Mistari michache, mikono imechoka kwa usukani. Nilisema kama ulivyonifundisha. Yvon alinitazama kuanzia viatu hadi kichwa, akatoa ufunguo mfukoni, akaniambia breki ya kulia inavuta kidogo na nisikanyage kwa hasira. Kisha akapanda upande wa pili akafunga mkanda. Bernadette alilia, mimi sikulia, nilikuwa natafuta gia ya kurudi nyuma.

Amelala karibu njia nzima. Nimegonga pipa moja la taka, lilikuwa limeegeshwa vibaya. Nimeimba, ndiyo.

Jumamosi nitakata ile kona ya kwa mama Péchoux. Mwambie aondoe maua yake. Na wewe uwe langoni, uonekane mapema, ili akuone kabla hajachoka.

Ghislaine


La Faye, 13 Oktoba 1996
(kwa Capucine, Lyon)

Ghislaine mpenzi,

Kwanza mtoto. Msichana, kilo zake safi, na mnamwita Aliénor! Jina zito kwa mtu asiye na jino, lakini atakua. Mbusu Capucine, mwambie mjomba wake anakuja kumwona theluji ikiyeyuka. Nguzo ya lango uliyoing'oa nimeisimamisha tena, safari ijayo ing'oe ya upande wa pili zilingane.

Ulipoondoka kwa treni uliniuliza kama nitaweza kukaa naye peke yangu. Tunaweza. Asubuhi anabeba kopo la maziwa kutoka zizini mpaka jikoni, polepole, hamwagi hata tone, kisha ananiuliza shamba linalofuata ni la nani. Namwambia hili ndilo la mwisho. Anafurahi, anavua kofia.

Lakini ile Jumamosi hatujaizungumza mimi na wewe, na ni lazima niipasue. Nilisimama langoni kama ulivyosema. Nilikuwa nimenyoa. Alishuka, akanipa mkono, akaniambia, "Habari za hapa, bwana." Bwana! Nilikuona ulivyogeuka ukajidai unatafuta mkoba. Usiku ule sikula. Nilijiona mpumbavu wa kupigiwa mfano. Miaka tisa nimeweka hasira yangu kama mtu anayehifadhi nyama, na siku ninapotaka kuitupa, mwenyewe hayupo. Uliomba kitu kimoja, tupeane mikono akiwa ananijua, na mimi nilikunyima kila mwaka mpaka ukakikosa. Hilo ndilo lililonikaa kooni tangu mlipofika.

Sasa sikia ya jana. Kulikuwa na mvua Alhamisi, kisha jua, hali ya hewa unayoijua. Nikachukua kapu, nikalificha chini ya koti, nikazunguka kwa njia ndefu ili mama Péchoux asijue ninaelekea wapi. Yvon akanifuata. Nikasema moyoni, aje, ananifuata kama angemfuata yeyote. Tukapanda. Tulipofika kwenye ule ukuta wa mawe uliobomoka, akanishika mkono.

"Bwana, turudi."

"Mbona? Nataka kutazama huko juu kama kuna uyoga."

"Uyoga?" Akacheka, Ghislaine, kicheko kizuri cha uongo. "Huku hakuna uyoga, ardhi mbaya. Jaribu ng'ambo ya mto. Kule wanasema upo mwingi."

Ng'ambo ya mto! Ule ni uongo wangu. Ndio uongo ninaowaambia wageni, na baba aliwaambia huohuo. Nilimfundisha mimi, asubuhi ile ya umande.

Nikamwambia, "Mbona mimi nahisi harufu yake hapahapa?"

Akaacha kucheka. Akajisogeza akasimama katikati ya njia, na wewe unajua alivyo mwembamba siku hizi. Akasema, "Sikiliza, wewe ni mtu mwema, unanipa kahawa. Lakini huko sikupeleki hata unipe ng'ombe wako wote. Huko ni kwa shemeji yangu. Niliwahi kupeleka watu mara moja. Nikacheka. Akanifungia mlango, na alikuwa na haki."

Nikamuuliza huyo shemeji yake ni mtu wa namna gani.

"Kichwa kigumu," akasema. "Ila alinionyesha mimi. Mke wangu hapajui. Mimi, mtu wa kuja, alinionyesha mimi." Kisha akanikazia macho. "Unamfahamu? Ukimwona mwambie sijamwonyesha mtu tena."

Nikasema nitamwambia.

Tulikuwa hatua chache tu kutoka pale, nilikuwa naona vichwa viwili vikubwa vya uyoga chini ya majani, vinene, vya kahawia. Sikuvigusa. Nikampa mkono, akaupokea, akautikisa kwa nguvu kama watu waliokubaliana biashara. Tukashuka. Kapu lilirudi tupu, na jioni nilikaanga mayai matupu, na shemeji yangu akayasifu.

Kaa na mjukuu wako, usiharakishe. Ukirudi, tafuta mtu wa kutoa magurudumu ya lile gari. Limekaa vizuri hapa uani, lina kivuli, na Yvon amenizoea.

Kaka yako, shemeji wa Yvon,
Marcelin